Mbolea, Maksai na Mikono: Miaka Yangu ya Ugani Kasekese

Vijana wa idara, siku ya kuniaga mliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa kinakoroma na pilau ilikuwa inapoa. Mlitaka kujua ni jambo gani moja la kitaalamu ningependa mlishike baada ya mimi kuondoka. Nikasema uvumilivu, na watu wakapiga makofi. Lilikuwa jibu la sherehe. Jibu la kweli ni refu zaidi, lina ng'ombe ndani yake, na aibu yangu pia imo. Sasa nina muda, kwa hiyo ninaliandika.

Nilifika Mpanda kwa treni kutoka Kaliua, enzi ambazo bado tulihesabiwa Mkoa wa Rukwa. Nilishuka na sanduku la bati, cheti cha chuo cha kilimo na viatu vya ngozi ambavyo mama yangu alinishoneshea kwa fundi Sumbawanga. Mkuu wa idara alisoma cheti haraka, akaviangalia viatu kwa muda mrefu zaidi, kisha akaniuliza kama nina vingine. Nilisema sina. Akaniandikia kibali cha kuchukua baiskeli stoo. Ilikuwa baiskeli nzima kasoro breki, na kwa sababu nilikuwa nasimama kwa kukokota miguu, viatu vile havikumaliza mwezi wa pili.

Kichwani nilikuwa na mchoro mmoja tu. Mwalimu wetu wa uchumi wa kilimo chuoni alikuwa ameuchora ubaoni mara nyingi sana hata tukawa tunauchora vitabuni bila kufikiri: chini unaweka pembejeo, pembeni unaweka mavuno, halafu mstari unapanda kwa kasi, unaanza kulegea, unalala, na mwisho unainama. Alisema kwa kila mchanganyiko wa ardhi, nguvu kazi, mbegu na mbolea kuna mavuno ya juu kabisa yanayoweza kupatikana kwa ujuzi uliopo. Akatuonya kwamba mstari ule hauonyeshi mkulima anapata nini. Unaonyesha angepata nini kama hakuna kinachopotea njiani. Kwenye mtihani nililiandika lote hilo nikapata alama nzuri. Nililielewa baadaye sana.

Aliyeanza kunielewesha ni Mzee Gervas, Mbende wa huku huku, msaidizi wa shamba ambaye alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. Hakuwa mtu wa maneno. Vifaa vyake vilikaa kwenye mfuko mmoja wa turubai: kamba yenye mafundo ya kupimia nafasi, mzani wa kuning'iniza wenye ndoano mbili, vijiti vinne vya kuonyesha pembe za kipande, na daftari alilokuwa amelifunika kwa nailoni. Kitu alichokichukia kuliko wadudu ni tarakimu ya kukadiria. Nilipomwambia siku ya kwanza kwamba mkulima fulani alivuna kama magunia kumi hivi, aliuliza, "Kama kumi, au kumi?"  Akasema nirudi nikapime.

Nyuma ya ofisi alikuwa na shamba la majaribio dogo sana, vipande vitano vya mahindi vilivyolingana kwa ukubwa. Mbegu moja, siku moja ya kupanda, palizi mbili kwa wakati mmoja. Tofauti ilikuwa mbolea tu, aliyoipima kwa vizibo vya soda. Kipande cha kwanza hakikupata kitu. Cha pili kilipata kizibo kimoja kwa kila shimo, cha tatu viwili, cha nne vitatu, na cha mwisho vinne. Siku ya kuvuna alinifanya nipime kila kipande mara mbili na kuandika mwenyewe. Kizibo cha kwanza kilikuwa kimeongeza mahindi mengi. Cha pili kiliongeza pia, lakini nusu ya vile. Cha tatu kiliongeza kiasi ambacho ungekila mchana mmoja. Kipande cha vizibo vinne kilitoa pungufu ya kile cha vitatu, kwa sababu mbegu nyingine zilikuwa zimeungua kabla hazijaota.

Mzee Gervas alisimama kwenye kipande cha nne akaniuliza kizibo cha tatu kimekwenda wapi. Nilidhani ni swali la kemia, nikaanza kueleza habari za naitrojeni kusombwa na maji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema mmea una vitu vingine unavyovihitaji na hivyo havikuongezeka. Maji yalikuwa yale yale. Nafasi ilikuwa ile ile. Ukiongeza kitu kimoja huku vingine vimesimama, lazima ufike mahali ambapo kile unachoongeza hakina mwenzake wa kufanya naye kazi. Siku hiyo mchoro wa chuoni ulishuka kutoka ubaoni ukakanyaga udongo. Natamani ningesema kwamba kuanzia hapo sikukosea tena.

Alipostaafu alinikabidhi mzani, na mimi nikahamishiwa Kasekese.

Kasekese niliikuta na watu wa aina mbili waliokuwa wanalima upande kwa upande bila kuzungumza sana. Walikuwepo wakulima wa jembe la mkono, wengi wao familia zenye asili ya Burundi, watu makini, wenye mashamba madogo yaliyopigwa mistari utadhani yamechorwa kwa rula. Na walikuwepo Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wenye mashamba makubwa, plau na maksai. Kila upande ulikuwa na maoni yake kuhusu upande mwingine, na maoni hayo siyaandiki hapa.

Familia niliyoizoea mapema ilikuwa ya Zakaria na mkewe, ambaye wote tulimwita Mama Evarista kwa jina la binti yao wa kwanza. Zakaria alivuka Ziwa Tanganyika akiwa mgongoni mwa mama yake. Mama Evarista alizaliwa huku huku, kwenye makazi ya wakimbizi. Walipopata uraia walichukua ekari moja na nusu Kasekese wakajenga nyumba ya tofali za kuchoma, wakaiezeka kwa nyasi kwa muda, huku wakikusanya mabati polepole. Walikuwa na mabinti watatu wenye nguvu, na hakuna palizi iliyowahi kuwashinda. Hata hivyo mavuno yao yalikuwa yamesimama pale pale kwa miaka kadhaa.

Nilipowaonyesha mbolea, msimu wa kwanza mahindi yaliongezeka hata majirani wakaja kuangalia. Zakaria alifurahi sana. Mimi nilifurahi zaidi, na hapo ndipo nilipoharibu. Kulikuwa na mashindano ya mkulima bora, na ofisini tulitakiwa kupeleka majina. Nilimwambia Zakaria kwamba akiongeza mbolea atashinda. Aliniuliza aongeze kiasi gani. Nikamwambia aweke mara mbili. Sikupima udongo, sikumuuliza alipanda lini, sikufungua hata daftari langu mwenyewe, ambalo ndani yake kulikuwa na hesabu ya vipande vitano niliyoiandika kwa mkono wangu.

Zakaria alibadilisha mabati yake yote kwa mifuko ya mbolea. Niliyaona yakibebwa kwenye mkokoteni, na nikajiambia kwamba mwaka unaofuata atanunua mengi zaidi.

Mavuno yalikuwa yale yale ya mwaka uliotangulia. Debe kwa debe, ungedhani mbolea ya pili haikuwahi kumwagwa.

Kwenye mkutano wa kijiji Zakaria aliomba nafasi ya kusema. Hakupandisha sauti, na ningependelea apandishe. Alisema, "Huyu mama alinishauri niweke mbolea mara mbili. Nimeweka. Mimi nauliza tu, mahindi yangu yako wapi?" Watu waligeuka kuniangalia. Sikuwa nimemwahidi kwamba mavuno nayo yangekuwa mara mbili, na ningeweza kujitetea kwa hilo. Lakini nilijua alivyonielewa, na nilimwacha aelewe hivyo kwa sababu ilinifaa. Nilisimama nikasema nitafuatilia. Kila mfanyakazi wa serikali anajua neno hilo linamaanisha nini, na wananchi wanajua vizuri kuliko sisi.

Wiki iliyofuata nilisikia kwamba Zakaria ameamua kuhama. Alikuwa amesikia kwamba upande wa Ugalla kuna msitu ambao ardhi yake bado mbichi, kwamba mtu anafyeka, anachoma, anapanda, na mahindi yanakuja bila kuulizwa. Shamba la Kasekese, alisema, limekufa. Kwamba msitu ule ulikuwa wa hifadhi na watu wangemtoa, kwake hilo lilikuwa jambo la baadaye.

Mchana mmoja Mama Evarista alikuja nyumbani kwangu kwa miguu, jembe begani, akitokea shambani moja kwa moja. Alikataa kiti. Alisema mume wake ameshafunga vyombo vyake na anataka wote waondoke kabla ya mvua. Yeye alikuwa amemwambia hahami. Wazazi wake walihama, yeye alizaliwa ukimbizini, na sasa amepewa karatasi inayosema yeye ni wa hapa. Kama mume wake anakwenda, atakwenda peke yake. Aliyasema hayo bila kulia, huku akikwangua udongo uliokauka kwenye mpini. Kisha akaniangalia.

"Bibi Shamba, niambie kweli. Shamba limekufa, au ni wewe hujui?"

Nilikuwa na cheti, nilikuwa na miaka mingi kazini, na mbele yangu alikuwa mtu ambaye ndoa yake ilikuwa inavunjika kwa ushauri wangu. Nikamjibu, "Sijui. Lakini sidhani kama limekufa."

"Basi njoo ujue," akasema, akaondoka.

Nilikwenda siku iliyofuata na nikakaa siku tatu. Kwa mara ya kwanza katika familia ile niliuliza maswali aliyonifundisha Mzee Gervas, kwa mpangilio wake: mmeingiza nini, kiasi gani, na lini. Zakaria hakutaka kukaa na mimi, kwa hiyo nilijibiwa na mkewe na mabinti. Tukatembea kwenye mabua yaliyobaki shambani, mstari kwa mstari. Mistari ya upande wa nyumba ilikuwa na mabua manene kama kidole gumba. Kadiri tulivyokwenda mbali na nyumba, mabua yalizidi kuwa membamba, na mistari ya mwisho ilikuwa kama mabua ya mtama. Mbolea iliyowekwa ilikuwa sawa kote. Nikauliza ile ya mwisho ilipandwa lini. Evarista, ambaye alikuwa na kumbukumbu kali, alisema ilipandwa wakati mahindi ya Mzee Luhende, jirani yao, yamefika magotini.

Jibu lilikuwa pale pale, limesimama shambani, na mimi nilikuwa nimepita mbele yake kwa baiskeli msimu mzima. Ardhi ile ilikuwa ngumu, na mtu hawezi kuipasua kwa jembe la mkono mpaka mvua ya kwanza iilainishe. Baada ya hapo walihitaji karibu wiki nne kuimaliza yote. Mahindi ya mwisho yalikuwa yanaingia ardhini wakati mvua nzuri imeshapita. Mbolea ya mistari ile ilikuwa imekosa maji ya kufanya nayo kazi. Udongo nao, kwa kukosa samadi miaka mingi, haukushika hata unyevu uliopata. Familia hii ilikuwa na mikono mingi ya kupalilia na mbolea kupita kiasi. Walichokosa ni wiki tatu.

Wiki tatu hizo zilikuwa kwa Mzee Luhende. Alikuwa Msukuma mrefu, mpole wa sauti, mwenye jozi mbili za maksai na ng'ombe ambao idadi yao hakuna aliyediriki kuiuliza. Alilima ekari nane ndani ya siku chache tu mvua inapoanza. Kisha magugu yalikuja, na wake zake wawili hawakuyaweza, na kufikia katikati ya msimu ungeweza kupoteza ndama ndani ya shamba lake. Nilipopima mavuno yake kwa ekari yalikuwa madogo kuliko ya Zakaria. Yeye alikuwa na muda, nguvu na samadi, na hakuwa na mikono. Wote wawili walikuwa chini sana ya kile walichoweza kupata kwa vitu vilivyokuwa tayari kijijini. Hakuna aliyekuwa mvivu wala mjinga.

Ningeweza kumaliza hapa kwa kusema niliwaunganisha. Lakini msimu uliopita ng'ombe wa Luhende walikuwa wameingia kwenye maharage ya Zakaria wakayamaliza. Shauri lilikwenda baraza la kijiji, fidia ikatolewa, na tangu hapo watu wale wawili walikuwa wanapishana njiani kila mmoja akitazama upande wake.

Nilimfuata Luhende zizini. Nilimweleza hesabu yangu: yeye alime shamba la jirani mapema na kulaza ng'ombe pale kiangazi ili samadi ibaki, na jirani alete mikono wakati wa palizi. Alinisikiliza huku akimkwangua maksai mmoja kupe shingoni.

"Mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma, "yule mtu hanisalimii."

"Na wewe humsalimii."

"Kweli." Alimkwangua kupe mwingine. "Mke wake ananisalimia. Shamba la mke wake nitalima. Lake, mpaka aje mwenyewe."

Zakaria alipopelekewa habari hiyo alicheka kwa mara ya kwanza tangu mavuno, na haikuwa kicheko kizuri. Lakini alikubali jambo moja, na nadhani alilikubali ili mkewe ashindwe mchana kweupe. Angesubiri msimu mmoja. Mama Evarista angechukua nusu ekari, upande ule ule wa mwisho wenye mabua membamba, afanye anavyotaka. Yeye angechukua nusu ekari iliyo karibu na nyumba, alime kwa jembe lake na mbolea yake mara mbili, iliyokuwa imebaki; ile ya katikati ingepandwa maharage. Baada ya kuvuna wangeamua kuhama au kukaa.

Kiangazi kile ng'ombe wa Luhende walilala kwenye nusu ekari ya Mama Evarista kwa majuma mawili. Mvua ya kwanza iliponyesha, plau ilipita asubuhi na mbegu zikaingia kesho yake. Nilimpa mbolea robo ya ile aliyoweka mumewe. Niliipima mara mbili, kwa sababu kama ningekosea mara ya pili, nyumba ile ingekwisha. Kisha yeye, mabinti zake na majirani kadhaa wakaenda kupalilia kwa Luhende raundi mbili kamili. Luhende mwenyewe alikuwa amekubali, baada ya mvutano, kupunguza ekari zake kutoka nane hadi tano. Alisema baba yake akisikia atafufuka kuja kumkemea.

Katikati ya msimu jua lilikaza kwa siku kumi na mbili. Nilipita pale kila siku, nikijifanya nina safari nyingine. Mahindi ya Zakaria yalianza kujikunja majani kuanzia saa nne asubuhi. Ya mkewe yalijikunja mchana na jioni yakafunguka tena. Nilichimba kwa kidole chini ya samadi na nikakuta unyevu. Sikumwambia mtu. Nilipanda baiskeli nikaondoka, na njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu kama mtu aliyepungukiwa.

Siku ya kupima mavuno walikuja watu wengi kuliko waliokuja kwenye mkutano. Niliutundika mzani kwenye boriti ya banda tukaanza asubuhi. Nusu ekari ya Zakaria ilitoa magunia sita. Ya Mama Evarista tuliendelea kupima, na kelele zikapungua kadiri magunia yalivyoongezeka. Yalifika kumi na moja.

Zakaria alisogea. "Pima tena," akasema.

Nilimpa mzani. Nilimwambia apime mwenyewe, na mimi nitaandika. Alipandisha gunia moja moja kwenye ndoano, akasoma, akashusha, yote kumi na saba, yake na ya mkewe. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyeondoka. Alipomaliza shati lilikuwa limemganda mgongoni. Alisimama pale akiangalia magunia, kisha akavuka uwanja kwenda alipokuwa amesimama Luhende.

"Mwangaluka," akamwamkia, kwa Kisukuma.

Luhende aliitikia kwa kirefu, kama wanavyoitikia kwao, akauliza habari za nyumba na za watoto, na Zakaria akajibu kila moja. Kisha akauliza, "Msimu ujao unaanza kulima lini?"

 Mama Evarista aliingia ndani, na nilimwona kupitia mlangoni akifungua vyombo vilivyofungwa na kuvirudisha mahali pake, kimoja kimoja.

Mwaka uliofuata familia tisa ziliingia kwenye mpango ule. Luhende, kwa ekari zake tano zilizopaliliwa, alipata zaidi ya alivyowahi kupata kwa nane, na mzimu wa baba yake haukutokea. Nyumba ya Zakaria iliezekwa kwa mabati baada ya misimu miwili. Mimi ndiye niliyeshika ngazi, kwa ombi langu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wenu mtadhani hadithi imefungwa. Msimu wa tatu Zakaria, ambaye alikuwa ameiamini samadi kuliko alivyowahi kuiamini mbolea ya dukani, alitaka ng'ombe walale kwake miezi miwili. Nilimwomba tujaribu kwenye kipande kimoja kwanza. Samadi ya ziada haikuongeza gunia. Tulikuwa tumeondoa kizuizi cha muda na cha udongo, na sasa kizuizi kilikuwa mbegu ile ya zamani, ambayo ilikuwa imetoa yote iliyokuwa nayo. Tulipoleta mbegu bora, mstari mzima ulipanda: kwa mikono ile ile, maksai wale wale na mbolea ile ile, kikomo kikawa juu zaidi. Hilo ndilo ujuzi mpya unalofanya. Halafu panya wa ghalani wakawa kizuizi kipya, na tukaanza nao.

Baadaye nilipelekwa Ugalla kwa miaka michache, na huko nikakuta kikundi cha wafuga nyuki kimeongeza mizinga msituni mpaka karibu kila mti unaofaa una mzinga wake. Mwenyekiti wao, mama mmoja Mkonongo aliyeitwa Salome, alilalamika kwamba mizinga imeongezeka zaidi ya mara mbili na asali haikuongezeka hata ndoo tatu. Nilimuuliza kama maua yameongezeka. Aliangalia juu kwenye miti ya miombo, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Wiki ileile walianza kuhamisha nusu ya mizinga kwenda ng'ambo ya bonde, na msimu uliofuata alinitumia dumu la asali lisilo na barua. Niliichukulia kama ripoti.

Nyie mna simu zinazopima mvua na majedwali yanayojijumlisha yenyewe, na ninawaonea wivu wa haki. Lakini nimewaona mkifika kwa mkulima na kumuuliza anahitaji nini. Atakutajia kile alichosikia redioni. Kaeni naye mpitie alichoingiza na siku alizokiingizia, tembeeni shambani mpaka mwisho wa mstari, kisha mtafute ni kitu gani kimoja kinachofanya vingine vikae bure. Mara nyingi hakiuzwi dukani, na mara nyingine kiko kwa jirani ambaye hawasalimiani. Na mkikosea, semeni mmekosea pale pale mkutanoni. Mimi nilisema nitafuatilia, na bado naona haya.

Nimemaliza kuandika haya nikiwa Kasekese, ambako nimepata ekari mbili za kulima uzeeni. Maksai siku hizi ni wa kikundi, na mwenyekiti wa kikundi ni Mama Evarista. Nilipomwomba, kwa heshima ya miaka yote ile, anisogeze mbele kidogo kwenye zamu ya kulimiwa, aliangalia orodha yake akaniambia mimi ni wa sita. Mvua imeshaanza. Jana Zakaria alipita kuangalia kama nimeandaa shamba. Aliona mbolea yangu imepangwa barazani, akahesabu mifuko kwa macho, akauliza minane ya nini kwa ekari mbili.

Nikamwambia ni tahadhari.

"Tahadhari ni kuwahi kupalilia," akasema. "Una watu wa kupalilia?"

Sikuwa nao. Akachukua mifuko minne akaipakia kwenye baiskeli yake, akasema ataipeleka kwa wanaoihitaji, na kwamba binti yake Evarista na wenzake watakuja kupalilia kwangu wiki ya tatu baada ya kupanda, mimi niandae chakula. Leo asubuhi nimekagua sufuria zangu. Zamu ya tano imekwisha jana jioni, na nasikia maksai wanapandisha njia ya kwangu. Naacha hapa, nikawafungulie lango.